Ufupi wa Enzi

Je, utawala hupimwa kwa wingi wa miaka yake? Waandishi wa tarikh wamezoea hivyo: dola iliyodumu huandikiwa kitabu, iliyopita upesi huachiwa tanbihi. Huko China dola ya Ran Wei ilisimama mwaka 350 na kuanguka mwaka 352, na haikuhesabiwa hata miongoni mwa Falme Kumi na Sita za zama zake.

Mwaka 1896 ulileta mifano miwili kwetu. Unguja, Sayyid Khalid bin Barghash alishika kiti tarehe 25 Agosti. Tarehe 27 manowari za Kiingereza zikapiga kasri, na kabla ya saa moja kutimia enzi yake ilikwisha. Oktoba ya mwaka huohuo, chini ya Mlima Meru, wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Akeri. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa moto na kwa kuteka ng'ombe. Baada ya vita hivyo umangi wa Wameru, ulio wa ukoo wa Kaaya, ukawa mikononi mwa Lobulu. Hakutimiza miaka minne. Mwaka 1900 alinyongwa Moshi, pamoja na Mangi Meli na wenzao, kwa tuhuma ya kula njama.

Enzi zote mbili zilikuwa fupi, lakini gharama zake hazikulipwa na watu wa namna moja. Khalid alipata hifadhi kwa balozi wa Kijerumani, akafariki Mombasa mwaka 1927. Waliobaki chini ya vifusi vya kasri ni mamia ya watu ambao majina yao hayasomwi popote. Lobulu alilipa kwa shingo yake.

Hilo halimfanyi Khalid kuwa mwoga, wala Lobulu kuwa walii. Kuikimbia mauti si dhambi, kitanzi hakimtakasi mtu, na damu ya wageni wawili wa Akeri nayo ni damu. Lakini wahenga hawakukosea: wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Cheo ni dhamana, na dhamana hujulikana siku ya kudaiwa.

Boma la Wajerumani lingali limesimama Arusha, leo likiwa makumbusho. Lilijengwa kwa mikono ya Waarusha na Wameru waliolazimishwa. Utawala huo ulidumu kuliko wa Lobulu. Basi na uulizwe nao swali lilelile: ulidumu kwa migongo ya nani?