Kina Kilichotudanganya

Sisi tunaoishi huku Dallas na Fort Worth tuna kikundi kidogo cha kusoma. Hakina katiba wala mweka hazina. Ni familia chache zinazokutana Jumamosi moja kila mwezi, nyumba kwa nyumba, kwa chai na vitumbua, na kila mtu huja na kitu kifupi: shairi la beti mbili tatu, ukurasa wa kitabu, au jambo aliloliona njiani. Sharti letu ni kwamba kisiwe kirefu. Wengine wanatoka shifti ya usiku, na mtu aliyechoka hasomewi utenzi mzima.

Faida yake tumeiona. Ubeti mmoja ukikukaa kichwani, hata foleni ya asubuhi hupungua makali. Wazee wetu walilijua hilo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilibaki vichwani mwa watu miaka mingi kabla ya Mwalimu Sikujua na padri Mwingereza W. E. Taylor kuzikusanya na kuziandika. Kitu kifupi chaweza kusafiri bila mzigo.

Lakini mwaka 2014 tulifanya jambo ambalo mpaka leo linatusumbua, na ndilo tunalotaka kuliweka mbele yenu.

Mwaka huo mwenzetu mmoja wa Houston alifiwa na mama yake Tanga. Hakwenda kuzika. Makaratasi yake yalikuwa bado yanashughulikiwa, na angetoka Marekani asingeweza kurudi kwa watoto wake. Wengi mnaosoma hapa mnaijua hali hiyo, hatuna haja ya kuieleza. Tulichanga kama ilivyo desturi, tukafunga safari kwenda kumpa pole, na kwa kuwa sisi ni watu wa kusoma, tukamtungia ubeti mmoja. Mistari miwili ya mwanzo ilikuwa hivi:

Ndege mdogo wa anga, chini ya daraja lako,
Ametoka kule Tanga, amepita kwa mamako.

Ndege mwenyewe ni mbayuwayu. Wazo lilitoka kwa mwandishi wa makala haya, ambaye ni mhandisi na kazi yake ni kukagua madaraja. Hapa Marekani daraja hukaguliwa kwa kawaida kila baada ya miezi 24, na ukipita chini ya madaraja na makalavati ya Texas wakati wa masika ya huku, mbayuwayu ndio wenyeji wako. Hubeba tope kwa mdomo, kidonge kimoja kimoja, mamia ya vidonge, mpaka kiota kishikamane na zege. Kiota chenye mayai huruhusiwi kukivunja. Wanalindwa na sheria ya mwaka 1918 ya ndege wanaohama. Tumewahi kuahirisha kazi ya matengenezo kwa ajili yao, na mkandarasi akanung'unika sana.

Sisi tuliokulia pwani tulimjua mbayuwayu tangu utotoni. Hufika kwetu kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba, hukaa kwenye nyaya za umeme, na kufikia Machi na Aprili ameondoka. Na hapa Texas huonekana lini? Machi! Tulipoziweka tarehe hizo mbili pamoja tuliona hakuna haja ya kuuliza zaidi. Isitoshe, tulikuwa na "anga", na baada ya "anga" ulimi ulikuwa umeshafika "Tanga" wenyewe.

Mwenzetu aliupenda ubeti ule kuliko tulivyotarajia. Aliubandika kwenye mlango wa friji. Kila Machi alikuwa akitupigia simu: wamefika. Alikuwa na kalavati lake karibu na kazini, alikokwenda kula chakula cha mchana na kuwatazama. Alituambia kwamba hapo ndipo alipoweza kulia, baada ya miezi mingi ya kushindwa. Kimbunga Harvey kilipoingia Agosti 2017, na mvua ya zaidi ya milimita 1,000 ikanyesha sehemu nyingi za Houston kwa siku chache, nyumba yake iliingia maji. Mazulia, magodoro na friji vilitupwa kando ya barabara kama vya majirani wote. Kabla friji halijatolewa nje aliibandua ile karatasi.

Baridi iliyofuata, mmoja wetu alileta kwenye kikundi kitabu cha ndege. Tukasoma. Mbayuwayu wa Texas na yule wa Tanga ni jamii moja kabisa, jina lao la kisayansi ni Hirundo rustica. Lakini wa Tanga wanatoka Ulaya na Asia, na hurudi huko. Wa Texas huenda kupitisha baridi Amerika ya Kati na Kusini. Hakuna hata mmoja wa chini ya lile kalavati aliyeiona Tanga.

Jumamosi ile chai ilipoa. Dada mmoja, muuguzi, alisema tunyamaze: mgonjwa akikuuliza kama uji una sukari, utampa uzito wake kwa gramu? Ameshapona kwa ubeti ule, basi tumwache. Mwingine alisema kwamba ushairi wote ni wa namna hiyo, hakuna anayemkamata mshairi kwa kusema mpenzi wake ni mwezi.

Hoja hii ya pili tuliitafakari sana, na tunaona haitoshi. Anayesema mpenzi wake ni mwezi hatumwamini, wala yeye hataki tumwamini. Sisi tulitaka tuaminiwe. Tulimpa mfiwa habari, tukaitia vina ili iingie vizuri. Tulimkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", akaandika mashairi gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalipochapishwa mwaka 1973 kitabu kiliitwa Sauti ya Dhiki. Mtu aliyekuwa na haki zote za kujifariji aliiita dhiki kwa jina lake. Sisi tulikuwa kwenye sofa, na vitumbua mbele yetu, tukashindwa kuthibitisha safari ya ndege.

Na hoja ya muuguzi? Hiyo ni nzito, na hatukuimaliza. Tulichoona ni kwamba kila Machi tungepokea ile simu na kuitikia, na kila mwitikio ungekuwa uongo mpya, tena sasa wa makusudi. Ule wa kwanza ulikuwa uzembe tu.

Basi Aprili 2018 tukaenda Houston kwa barabara ya 45, maili kama 240. Karibu na Ennis maua ya buluu ya Texas yalikuwa yametanda, na hakuna aliyeyasifu. Mwenzetu alitupeleka jioni kwenye daraja la Waugh, juu ya Buffalo Bayou, penye popo wanaokaa kwenye nyufa za zege. Walikadiriwa kuwa 250,000 kabla ya Harvey. Mafuriko yalipopanda mpaka kwenye zile nyufa, wengi walizama. Alitaka tuwaone waliobaki wakitoka. Tukamwambia hapo hapo, tukisubiri giza.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo mlinidanganya kwa vina." Akaaga, akaondoka. Popo walitoka sisi tukiwa peke yetu.

Wiki sita hakupokea simu. Alipopiga yeye, hakutaja msamaha. Aliuliza: hawa wa kalavatini kwangu wanakwenda nchi gani? Tukamweleza. Akauliza tena: na hakuna ndege yeyote, nchi hii nzima, anayekwenda kwetu? Tukasema tutasoma.

Tulisoma, safari hii kwa makini. Yupo. Ni ndege mdogo wa ardhini mwenye uzito wa gramu 25 hivi, huzaa Alaska. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa kuwafunga vifaa vidogo vya kufuatilia safari, ulionyesha kwamba huvuka Asia yote na kupitisha baridi Afrika Mashariki, hadi Uganda na Kenya, takriban kilomita 14,500 kwenda tu. Texas hapiti, na Tanga hatuna ushahidi.

Mwenzetu alicheka sana. "Alaska! Basi nitungieni huyo, lakini nataka kuona hesabu zake kwanza." Ile karatasi ya zamani bado anayo, wapi anaiweka hatukuuliza. Ubeti mpya haujatoka. Kina cha -ka ni chepesi mno kwa Kiswahili, ndiyo maana tunakiogopa.