Nyongeza Inayotoka Mfukoni mwa Mwingine

Sokoni kwetu, mnunuzi akishapimiwa maharagwe huomba nyongeza. Muuzaji hunung'unika kidogo, kisha huongeza kiganja kimoja. Hakuna anayeuliza kiganja hicho kimetoka wapi, kwa kuwa kila mtu anaona: kimetoka kwenye gunia la muuzaji mwenyewe. Yeye ndiye aliyetoa na yeye ndiye aliyepungukiwa.

Nchini Marekani kuna nyongeza ya namna nyingine. Ni pesa ambazo benki humrudishia mteja anayenunua kwa kadi ya mkopo. Kadi ya Discover, iliyoanzishwa na kampuni ya Sears na kuzinduliwa nchi nzima mwaka 1986, ilisaidia sana kueneza desturi hiyo. Leo familia ya kawaida hupiga hesabu kabla ya kuchagua kadi. Tuseme inatumia dola 6,000 kwa mwaka kununua chakula. Kadi isiyo na ada inayorudisha asilimia 2 itaipa dola 120. Kadi yenye ada ya dola 95 inayorudisha asilimia 6 itaipa dola 360, na ikishatoa ada zinabaki 265. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Swali la insha hii ni jingine: je, ni haki kuzipokea pesa hizo?

Ili kujibu, yafaa kwanza tujue zinatoka wapi. Mteja akilipa dola 100 kwa kadi, mwenye duka hapati dola 100 kamili. Hukatwa ada ya dola 2 hivi au zaidi, na sehemu kubwa ya ada hiyo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Benki nayo humrudishia mteja wake kiasi fulani. Mwenye duka hataki kupata hasara, kwa hiyo hupandisha bei za bidhaa. Mkate uliopandishwa bei hununuliwa na wote, mwenye kadi na asiye nayo. Mwenye kadi atarudishiwa kitu. Anayelipa taslimu hatarudishiwa chochote.

Mwaka 2010 wachumi watatu wa Federal Reserve Bank of Boston walijaribu kulipima jambo hili. Walikadiria kwamba kaya ya wastani inayolipa taslimu ilikuwa ikizichangia kaya zenye kadi dola 149 kila mwaka, na kwamba kaya yenye kadi ilipokea dola 1,133. Kwa jumla, wanaolipa taslimu wana kipato kidogo kuliko wenye kadi. Miongoni mwao wamo wahamiaji, na Wakongo wakiwemo, ambao ndio kwanza wamefika na bado hawana historia ya mkopo ya kuwawezesha kuaminiwa na benki. Tena wapo wenye kadi wanaoshindwa kulipa deni kwa wakati na kutozwa riba inayozidi asilimia 20. Nao huchangia faida ya benki. Cha mlevi huliwa na mgema.

Wapo watakaopinga. Watasema mwenye duka naye hufaidika: kadi humpunguzia hatari ya wizi na humletea wateja wanaonunua zaidi. Hilo ni kweli, lakini linaeleza kwa nini mwenye duka anaikubali kadi. Halielezi kwa nini mlipaji wa taslimu aigharamie. Watasema pia kwamba familia moja ikikataa kadi, bei ya mkate haitashuka hata senti moja, na pesa zile zitabaki benki. Hoja hii ina nguvu zaidi, nami naikubali. Baba au mama anayetumia dola 265 kununulia watoto viatu hajamwibia mtu. Kumwita mwizi ni kumtwika yeye peke yake kosa la mfumo mzima.

Hata hivyo, kutokuwa mwizi hakumfanyi mtu awe hana wajibu. Kant alitufundisha tujiulize kama kanuni tunayoifuata inaweza kuwa kanuni ya watu wote. Tuijaribu hapa. Kama wanunuzi wote wangekuwa na kadi ileile, kila mmoja angelipa bei iliyopandishwa, kisha arudishiwe sehemu ya pesa zake mwenyewe baada ya benki kukata fungu lake. Faida ingetoweka. Basi faida hii ipo kwa sababu tu wengine hawaipati. Anayejisifu kuwa ni mjanja wa kuchagua kadi asisahau kwamba ujanja wake unategemea kunyimwa kwa jirani yake.

Naona wajibu wa familia hiyo ni wa ngazi mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: ilipe deni lote kila mwezi, na kwa mwenye duka dogo anayepunguza bei kwa taslimu, ilipe taslimu. Ngazi ya pili ndiyo ngumu, nayo ni ya kiraia. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada ambayo benki ya mteja hupata kila anaponunua kwa kadi ya mkopo. Benki ikipata kidogo hivyo, haiwezi kurudisha asilimia 2, achilia mbali 6. Sheria ya namna hiyo ikipendekezwa Marekani, familia yenye kadi itaombwa kuunga mkono jambo litakaloipunguzia dola zake. Kupokea faida ambayo huwezi kuizuia kunasameheka. Kuitetea iendelee, huku ukijua ni nani anayeilipia, hakusameheki.