Ishushe Manowari Kutoka Juu ya Kabati

Kuna manowari imekaa juu ya kabati lako. Sijaiona, lakini naijua. Bodi imekwisha: mkuku, mataruma, mbao nyembamba ulizoziloweka zikakubali kupinda, msasa juu ya msasa, matundu ya mizinga yamejipanga safu tatu kama ya Victory yenyewe, manowari ya Kiingereza unayoiiga. Pengine na milingoti umeshaisimamisha. Kisha ukafungua ule ukurasa wa ramani unaoonyesha kamba, ukakuta mistari imetanda kama utando wa buibui, ukaikunja karatasi. Ulisema utaendelea mwezi ujao. Sasa vumbi linatua kwenye sitaha uliyoipanga ubao kwa ubao.

Ni wewe ninayekuandikia. Ishushe.

Usione haya kwa miaka iliyopita, maana Victory nayo ilingoja. Mkuku wake ulilazwa Chatham, Uingereza, Julai 1759, vita na Ufaransa vikiwa vimepamba moto. Baadaye haraka ikapungua, mataruma yakaachwa wazi yakauke. Iliposhushwa majini tarehe 7 Mei 1765, vita vilikuwa vimekwisha na kazi haikuwapo, basi ikafungwa kwenye mto Medway. Haikwenda vitani hadi 1778, miaka 13 baada ya kugusa maji. Na siku iliyoipa jina duniani, vita vya majini vya Trafalgar vya 21 Oktoba 1805, ilikuta chombo cha miaka 40. Hiyo yako ina miaka mingapi pale juu? Minne? Mitano? Bado changa sana.

Najua unachokiogopa. Watu huogopa kamba kwa sababu wanaziona kama mapambo ya mwisho, kazi ya kuchosha macho baada ya useremala wenyewe kwisha. Mimi nasema useremala ulikuwa utangulizi. Victory halisi ilibeba takriban kilomita 42 za kamba, na kila kamba ilikuwa na kazi yake. Pale Trafalgar gurudumu la usukani lilivunjwa kwa risasi, na meli haikupotea njia: mabaharia waliteremka chini, wakawa wanavuta kamba kuugeuza mkono wa usukani, amri ikipokewa kutoka juu. Mizinga 104, mialoni kwa maelfu iliyokatwa kuiunda, na kwa saa zile meli nzima iliongozwa kwa kamba mikononi mwa watu. Ukilielewa hilo, ule ukurasa wa ramani hautakuwa utando tena. Utaanza kuusoma.

Usomwe hivi. Kamba ni za aina mbili. Za kwanza hazitembei: zinashikilia milingoti isilale, na zilipakwa lami zikawa nyeusi. Za pili zinatembea kwenye makapi: henza ya kupandishia foromali, demani na joshi za kushika pembe za tanga, na wenzao. Hizo rangi zake ni za katani. Mtu wa pwani aliyewahi kukaa kwenye jahazi ameshazijua nusu kwa majina. Anza na nyeusi, toka chini kwenda juu, toka ndani kwenda nje, na funga makapi kwenye foromali ikiwa bado mezani pako, kabla haijapanda. Nalisisitiza hili la mwisho kwa sababu nimewaona watu wakihangaika na kibano juu ya mlingoti kwa saa nzima, kwa kazi ambayo mezani ingekwisha wakati chai bado ya moto.

Halafu zije ngazi. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Zile kamba zinazoshuka toka mlingotini hadi ubavuni hufungwa kamba ndogo za kukingama, ili baharia apande. Tuseme upande mmoja wa mlingoti una kamba kumi na ngazi thelathini. Hayo ni mafundo mia tatu. Ukiyatazama yote kwa pamoja, moyo unavunjika. Lakini ngazi moja ni mafundo kumi, na mafundo kumi, kwa mkono ambao bado haujazoea, hayazidi muda wa kuangalia taarifa ya habari. Ngazi moja kila usiku, mwezi mmoja, upande mzima umesimama. Kufikia mwezi wa tatu vidole vinafunga vyenyewe, nawe utajikuta unafunga ngazi tatu bila kujua.

Fundo lenyewe ni lile linaloizunguka kamba mara mbili na kujibana. Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki kwanza, manyoya yalale. Chora mistari kwenye kadi, milimita tano kwa tano kama kipimo chako ni 1 kwa 72, uiweke nyuma ya kamba ikuongoze. Na usivute! Mimi nilivuta. Nilitaka ngazi zikaze kama nyuzi za udi, na wiki tatu baadaye kamba zangu zilikuwa zimeingia ndani kiunoni, upande mzima umepinda. Usiku ule nilichukua wembe nikakata zote, ngazi ishirini na mbili, kisha nikafunga ya kwanza upya kabla ya kwenda kulala. Ile ya kwanza upya ndiyo ngazi ninayoiheshimu kuliko zote kwenye meli yangu.

Tena kuna jambo linalonikaa moyoni. Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alikuwa na manowari ya mizinga 74, Liverpool, iliyoundwa Bombay kwa mbao za msaji na kushushwa majini mwaka 1826. Mwaka 1836 aliitunuku kwa Mfalme William IV wa Uingereza, na Waingereza wakaiita Imaum. Milingoti mitatu, foromali za kukingama, kamba za mpangilio uleule unaouona kwenye ramani yako ya Victory. Nataka kuiona manowari hiyo kwenye meza ya fundi wa kwetu, Mombasa au Unguja au Muscat, imefungwa kamba zote. Ataifunga nani, kama sisi tulio na manowari kabatini tunaishia kwenye mbao? Mikono itakayoiunda Liverpool lazima iwe imejifunza mahali, na mahali penyewe ni hapo mezani pako, kwa uzi ulioununua zamani ukauweka kwenye kopo.

Basi leo, baada ya chakula, futa vumbi kwa brashi laini, taratibu, usivunje kitu. Washa taa, uiweke kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Toa kopo. Kata uzi mweusi, mrefu kuliko unavyodhani unahitaji, uupitishe kwenye nta mara mbili. Jozi ya kwanza ya kamba nyeusi za mlingoti huenda upande wa kulia, mbele kabisa. Ya pili kushoto, kisha unarudi kulia, zamu kwa zamu, mlingoti usivutwe upande mmoja. Ukifunga hiyo ya kwanza, rudi nyuma hatua mbili uitazame.