Mlango, Mgeni na Maradhi

Mlango una kazi mbili, na watu wengi hukumbuka moja tu. Hufungwa ili kuzuia, na hufunguliwa ili kupitisha. Nyumba isiyo na mlango ni kaburi, na nyumba ambayo mlango wake haufungwi kamwe ni njia ya kila apitaye. Wakati wa afya hatuna haja ya kulifikiri sana jambo hili: mgeni hubisha hodi, mwenyeji huitika karibu, na desturi humaliza yaliyobaki. Lakini maradhi ya kuambukiza yakitanda duniani, hodi huwa swali, na karibu huwa jibu zito. Je, mwenye mlango ana haki ya kumzuia mtu asiye na kosa, kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda anao na huenda hana? Na kama haki hiyo anayo, mpaka wake uko wapi? Maswali haya mawili ndiyo nitakayoyapima katika insha hii.

Nitaanza na jambo lililonipata mwenyewe, maana mtu huiona vizuri zaidi haki ya mataifa akiitazama kwanza katika ua wa nyumba yake.

Katikati ya mwaka 2020, korona ilipokuwa mpya na hofu yake kubwa, mjomba wangu alikuja kwetu usiku. Yeye alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya bandari ya Mombasa na Kampala, na alikuwa amekaa siku nyingi mpakani Malaba akingoja majibu ya kipimo, katika msururu wa malori ambao mwisho wake haukuonekana kwa macho. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alikuwa mzee mwenye pumu. Nilimwamkia mjomba kwa mbali, nikamwonyesha chumba cha uani, nikamwambia kwamba atakaa humo siku 14 kabla ya kuingia ndani. Hakubishana. Kila asubuhi nilimpelekea uji nikauweka kizingitini, kisha nikarudi nyuma hatua kadhaa tukazungumza.

Siku ya nne aliniuliza, "Mpwa wangu, jana ulikwenda wapi?"

Nikamjibu, "Sokoni, mjomba. Kisha nilipanda matatu nikaenda mjini."

"Na uliporudi ulilala wapi?"

"Ndani."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimetoka Malaba, nimepimwa, nikaonekana sina kitu, nami nalala nje. Wewe umetoka sokoni, hujapimwa na mtu, nawe walala chumba cha pili kwa mama yako. Sikuombi uniingize. Nataka kujua tu: unaogopa maradhi, au unaniogopa mimi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye nimeona kwamba swali lake halikuwa la ua wetu peke yake. Ndilo swali ambalo kila mgeni mwenye pasi mkononi angeweza kumwuliza kila mwenye mlango duniani.

Kwanza yatupasa kukubali kwamba haki ya kufunga mlango ni haki ya kweli, wala si ukatili uliovikwa joho la busara. Mwezi Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, iliingia bandari ya Apia katika Samoa ya Magharibi ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua iliyokuwa ikiua watu ulimwenguni mwaka ule. Ilipewa ruhusa ya kushusha abiria wake. Katika muda wa majuma machache, kadiri ya mtu mmoja katika kila watano wa nchi ile alikufa. Katika visiwa vya jirani, safari fupi ya baharini kutoka hapo, vilivyokuwa chini ya Marekani, gavana John Poyer aliifunga bandari kwa wageni, na hapakufa mtu hata mmoja kwa homa ile. Bahari ilikuwa ile ile, na watu walikuwa wa lugha na nasaba moja. Tofauti ilikuwa mlango. Basi atakayesema kwamba kufunga ni dhambi daima, na asimame mbele ya makaburi ya Apia aseme hivyo. Ukarimu unaomwua mwenyeji na watoto wake si ukarimu, ni uzembe wenye jina zuri.

Tena haki hii haikuzuliwa jana. Mwaka 639 Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Shamu alipopata habari kwamba tauni ya Amwas imeingia nchi ile. Akaazimia kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana kwamba ndiyo, twaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari yake nyingine. Kisha Abdurrahman bin Auf akawaeleza kwamba Mtume alikwisha kufundisha jambo hilo: nchi yenye tauni msiiingie, na ikiwakuta mlimo msitoke kwa kuikimbia. Wengi wetu tumeisikia habari hii, lakini aghalabu twaishika nusu yake. Sheria hiyo ina ncha mbili. Humzuia wa nje asiingie, na humzuia wa ndani asitoke. Mzigo haukutwikwa kichwa kimoja.

Usawa huo wa mzigo ndio nionao kuwa mpaka wa kwanza wa haki ya mlango. Mwaka 1377 baraza la mji wa Dubrovnik, katika pwani ya bahari ya Adria, liliamuru kwamba mtu atokaye mahali penye tauni asiingie mjini mpaka akae kwanza mwezi mmoja katika kisiwa cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Amri hiyo iliwahusu wenyeji na wageni pamoja. Mfanyabiashara mzaliwa wa Dubrovnik aliyerudi kutoka mahali palipougua alikaa kando kama alivyokaa mgeni. Mji ule haukuuliza mtu ni wa nani, uliuliza ametoka wapi na lini. Kwa swali la mjomba wangu mji ule ulikuwa na jibu: twaogopa maradhi.

Sasa tutazame karne yetu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipokea zaidi ya dozi 1,000,000 za chanjo iliyoundwa na chuo kikuu cha Oxford pamoja na kampuni ya AstraZeneca, na kutengenezwa India kwa jina la Covishield. Nchi nyingine nyingi za Afrika zilipata dawa hiyo hiyo kwa mpango ule ule wa ugawaji, ambao nchi za Ulaya zenyewe ziliuchangia fedha. Mwezi Julai mwaka huo Umoja wa Ulaya ulianza kutoa cheti chake cha msafiri, na jina la Covishield halikuwa katika orodha ya chanjo zilizokubaliwa kwa umoja wote. Baadhi ya nchi zake ziliikubali kwa hiari yao, na nyingine hazikuikubali. Kisha, mwezi Septemba, Uingereza ilipotangaza nchi ambazo vyeti vyake vya chanjo itavitambua, vyeti vya Afrika havikuwamo, hata kama sindano ilikuwa ya dawa iliyovumbuliwa Oxford kwenyewe.

Atakuja mtu wa hoja aseme kwamba nchi ina haki ya kukagua kiwanda cha dawa na ukweli wa cheti. Haki hiyo naikubali. Vyeti vya uongo vilikuwapo, na ukaguzi ni kazi ya mlinzi mwema. Lakini mwenye kukagua huanza na kukagua, hana ruhusa ya kuanza na kukataa. Na aliyempa jirani yake dawa mkono wa kulia, akaikana dawa hiyo kwa mkono wa kushoto jirani alipobisha hodi, hakuogopa maradhi. Damu ya msafiri ilikuwa na kinga. Kilichokosekana kilikuwa katika karatasi, na karatasi ilikosa kwa sababu ya mahali ilipoandikwa.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Tarehe 24 Novemba 2021 wataalamu wa Afrika Kusini waliliarifu Shirika la Afya Ulimwenguni kwamba wameona aina mpya ya kirusi, ambayo siku mbili baadaye ilipewa jina la Omicron. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zataka nchi itoe habari za namna hii katika muda wa saa 24 baada ya kuupima uzito wake, na kanuni hizo hizo zataka hatua za kuzuia maradhi zisivuruge safari na biashara za watu kupita haja. Afrika Kusini ilitimiza upande wake wa mapatano. Malipo yake yalikuwa nini? Hata kabla ya jina la Omicron kuzoeleka midomoni, Uingereza iliiweka Afrika Kusini na jirani zake watano katika orodha nyekundu, na tarehe 29 Novemba Marekani ikawafungia wageni waliotoka nchi nane za kusini mwa Afrika. Siku chache baadaye Uholanzi ilieleza kwamba kirusi hicho kimeonekana katika vipimo vilivyochukuliwa nchini mwake tarehe 19 na 23 Novemba. Maana yake ni kwamba mgeni aliyekuwa akizuiwa mlangoni alikuwa amekwisha kuketi barazani akinywa kahawa. Uingereza iliziondoa nchi zote 11 zilizokuwa zimefikia orodha ile tarehe 15 Desemba, kwa kuwa Omicron ilikuwa imeenea ndani.

Hapa ndipo nilipojiona mwenyewe nikitoka sokoni. Niliwahukumu wakubwa wa dunia kwa hasira, kisha nikakumbuka bakuli la uji kizingitini. Kosa lao lilikuwa kosa langu katika mizani kubwa zaidi: kuyaona maradhi katika uso wa ajaye tu, na kutoyaona katika mkono wangu uliotoka kushika fedha za watu mia. Hofu ni mlinzi mwenye jicho moja, nalo hutazama nje.

Katika kosa hili mna hasara iliyo mbaya kuliko tiketi za ndege zilizopotea. Mwenye kusema kweli akiadhibiwa, anayefuata hujifunza kunyamaza. Nchi itakayoona ugonjwa mpya kesho itakumbuka yaliyompata aliyesema jana, na huenda ikachelewa siku mbili au wiki mbili kabla ya kunena. Ukimya wa siku hizo utalipwa kwa roho za watu, na miongoni mwao watakuwamo watu wa nchi zilizofunga milango. Kwa hiyo haki kwa mgeni si sadaka tu ya moyo mwema. Ni ukuta mmojawapo wa nyumba ya mwenyeji.

Mpaka wa pili wa haki ya mlango ni deni. Neno karantini lina arobaini tumboni mwake, kwa kuwa Waitaliani walilitoa katika siku 40 ambazo vyombo na abiria walizuiwa. Sisi pia tuna arobaini yetu. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku 40, lakini kukaa kwake si kifungo. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa, hupokewa mtoto, na aliyemweka ndani ndiye anayetumika. Hapo pana hekima ambayo watunga sheria wa safari wangeweza kuisoma bila mkalimani: anayemwamuru mtu kukaa, kwa faida ya wengine, hudaiwa makao ya mtu huyo. Katika kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, jengo lililojengwa mwisho wa karne ya 19 liwe gereza liligeuka kuwa mahali pa kuwazuilia wasafiri wa baharini ili wachunguzwe maradhi. Ukuta haujui tofauti ya mfungwa na mgeni. Tofauti huletwa na namna anavyotendewa aliye ndani. Kuanzia Agosti 2021 mtu mzima aliyefika Uingereza kutoka nchi ya orodha nyekundu alitakiwa kulipa pauni 2,285 kwa kukaa hotelini alikolazimishwa kukaa. Tajiri aliona usumbufu. Mwanafunzi aliona mlango wa pili nyuma ya ule wa kwanza, nao ulifunguliwa kwa fedha tu.

Huenda msomaji akasema kwamba serikali ina wajibu kwa raia wake kwanza. Ni kweli, kama mimi nilivyokuwa na wajibu kwa mama yangu kwanza. Lakini kwanza si peke yake. Neno kwanza lahitaji neno pili nyuma yake, ama sivyo halina maana.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye mlango ana haki ya kuufunga wakati wa maradhi, na pengine ana wajibu. Lakini haki hiyo husimama maadamu amri yake yamfunga yeye na watu wake kwa kipimo kile kile impimacho mgeni, na maadamu anabeba sehemu ya gharama ya yule aliyemzuia kwa faida yake. Amri ikikosa haya, imeacha kupigana na maradhi na imeanza kuchagua watu, hata kama mwandishi wake amevaa koti jeupe la daktari.

Siku ile ya nne sikumwingiza mjomba ndani. Mama alikuwa bado na pumu, na siku 14 zilikuwa bado 14. Ila jioni nilitoa godoro langu nikalitandika katika chumba cha pili cha uani, ukuta mmoja na chake. Sokoni nilikwenda, lakini sikupita tena mlango wa mama mpaka hesabu ya sote wawili ilipotimia. Usiku wa kwanza mjomba alinisikia nikigeuka kitandani, akaniita kupitia ukutani: "Mpwa wangu, sasa nimejua unachoogopa." Kisha akalala, nami nikalala.