Mvua Tunayo, Ukuta Hatuna

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mvua kubwa zinyeshapo bara, watu wa Malindi huiona bahari yao ikigeuka rangi. Maji ya Sabaki huingia baharini yakiwa mekundu kwa udongo. Udongo huo si wa Malindi. Sabaki ndio ule ule mto Athi upitao baina ya Kitui na Makueni, nao hubeba udongo wa mashamba ya bara hata ukaumwaga kwetu. Ardhi iliyochukua miaka mingi kupata rutuba huondoka kwa mafuriko ya usiku mmoja.

Mwenye kuyaona maji hayo huenda akadhani kuwa huko yatokako kuna neema ya maji. La! Kitui na Makueni ni nchi za ukame. Misimu ya mvua ni miwili kwa mwaka, nayo ni mifupi, na mara nyingine hukosekana. Mvua ijapo huja kwa kishindo. Mito hufurika kwa saa chache, kisha hubaki mchanga mtupu, na wanawake na watoto hwenda mwendo mrefu kutafuta mtungi mmoja wa maji. Basi msiba wao haukuwa uchache wa mvua peke yake. Ilikuwa pia kwamba hata ile waliyoruzukiwa haikuwa na kitu cha kuizuia.

Watu wa huko hawakukaa wakalia. Kwa desturi yao ya kusaidiana kazi, waiitayo mwethya, walishika majembe. Watu wa Utooni walianza jitihada yao mwaka 1978, na katika Kitui, tangu miaka ya 1990, zimejengwa kuta mamia katika mito ya mchanga. Wengi wa watu hao si wa dini yetu, lakini hekima huchukuliwa popote ilipo. Natuitazame kazi yao, kwani ndani yake mna somo kwa kila mwanamume atakaye kuijenga tabia yake.

Kwanza, huchimba mpaka wakafika kwenye mwamba. Ukuta uliosimama juu ya mchanga maji hupita chini yake, ukaanguka. Kisha hujenga kwa mawe na saruji, kukata mto toka ukingo hata ukingo. Mafuriko yajapo, mchanga hutuama nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga. Katika kila pishi nne za mchanga ulioloa, pishi moja au zaidi ni maji. Jua haliyafikii kwa wepesi, na kiangazi kikiwa kikali watu huchimba wakanywa, na wanyama wao wakanywa.

Tena, baadhi ya wenye ujuzi huonya kuwa ukuta usipandishwe wote kwa mara moja, usije ukajaa tope badala ya mchanga. Kwa shauri lao, hupandishwa kwa daraja, msimu baada ya msimu.

Sasa natujitazame sisi, wanaume wa miji ya pwani. Je, sisi twakosa mvua? Misikiti tunayo, na adhana twaisikia mara tano. Darsa zasomwa, na mawaidha yamwagwa kama mvua ya masika. Mwezi wa Ramadhani misikiti hujaa na macho hulia. Lakini Shawwali haijamalizika, safu ya alfajiri imekwisha kurudi watu watano. Maji yale yamekwenda wapi? Yamepita, kwa kuwa hayakukuta ukuta.

Mtu hupokea mshahara mwisho wa mwezi, na tarehe kumi hana kitu. Watoto wadaiwa ada, naye yuko barazani akilaumu zamani zilivyoharibika. Mwingine hughadhibika kwa neno dogo, akatamka talaka, na nyumba iliyojengwa kwa miaka ishirini ikabomoka kabla kahawa haijapoa. Kesho yake huja kwa mashekhe akitetemeka, akitafuta mlango wa kurejea. Na huyu, ukimwuliza, atasema kuwa yeye ni mwanamume mwenye nguvu!

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kinyume cha hayo. Ametubainishia kuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye watu kwa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Basi mwanamume mkali asiyeweza kujizuia ni mto uliofurika: kelele nyingi, na nyuma yake ni ukame.

Tena katika Suratur-Raad Mwenyezi Mungu ametupigia mfano wa maji yatiririkayo mabondeni, kila bonde kwa kadiri yake, yakachukua povu juu yake. Akatujulisha kuwa povu hupotea bure, na kiwafaacho watu ndicho kikaacho katika ardhi. Na katika sura hiyo hiyo ametuonya kuwa habadili hali ya watu mpaka wao wayabadili yaliyomo nafsini mwao.

Ndugu zangu, mwamba wetu ni imani na ikhlasi. Atengenezaye tabia yake ili asifiwe amejenga juu ya mchanga. Na jua letu ni macho ya watu: amali iwekwayo wazi ili ionekane hukauka, na iliyofichwa hubaki kwa siku ya haja. Wala mtu asijitwike yote kwa siku moja, kwani katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) amali impendezayo Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache.

Basi kila mmoja wetu na aanze na jiwe moja. Ukighadhibika, nyamaza, ukiwa umesimama, keti. Ukipokea mshahara, ondoa haki ya nyumba yako kabla hujapita barazani. Shika alfajiri moja katika jamaa, kisha ya pili. Na kabla ya kulala ihesabu nafsi yako, kama Sayyidna Umar alivyokuwa akiusia.

Nanyi msione haya kusaidiana, kwani ukuta wa mto haujengwi na mtu mmoja. Wala tusisahau jambo moja la kututia aibu: katika vikundi vile vya Kitui na Makueni wachukuao mawe wengi wao ni wanawake, maana wanaume wengi wamekwenda mijini kutafuta kazi. Aliyekwenda kutafuta riziki ana udhuru. Lakini sisi tulio majumbani mwetu, na mzigo wa malezi tumewaachia mama peke yao, udhuru wetu ni upi?

Mwenye tabia iliyojengwa hafaidiki peke yake. Siku ya dhiki mkewe, wanawe na jirani zake huja kuchota kwake. Natujichunguze basi: kiangazi kikifika, watu wa nyumbani mwetu watakuta nini wakichimba?

Ewe Mola wetu, zithibitishe nyoyo zetu, utupe subira, wala usiyajaalie mawaidha tuyasikiayo kuwa maji yapitayo. Amin.