Jembe la Mgeni

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na aghalabu kauli hiyo hufahamika kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, ilhali mimi, kila nimtazamapo mwanafunzi wa ng'ambo aliyekuja Unguja kutafuta Kiswahili, huiona kuwa ni bishara njema, kwani apewaye jembe ndiye aliyekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa shamba.

Mwanafunzi huyo, ambaye pengine asoma katika iliyokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoasisiwa mwaka 1978, siku zake za mwanzo hupotewa na wakati na mahali pia: saa yake yaonesha nane, naye huambiwa ni saa mbili, kwa kuwa sisi twahesabu mchana tangu kucha, na kichochoro alichodhani kitamtoa Darajani humtoa Malindi. Lakini kila atamkalo, hata likipinda, husifiwa: "Mashaallah, wakijua Kiswahili!" Sifa hiyo ni takrima, wala siibezi, ila takrima ni mkeka utandikwao barazani, na akaaye barazani hajaingia ndani.

Huingia siku ile mama wa nyumba aliyofikia amwambiapo, huku akikuna nazi, "Kikombe changu, mwanangu, si kikombe yangu," kisha akamtuma dukani bila ya kumuomba radhi. Mwanafunzi hutahayari, maana kwao ni mtu mzima mwenye hadhi yake, na hapa amerejeshwa utotoni kwa silabi moja. Hajui bado kwamba amekabidhiwa jembe.

Kwani lugha ni amana ya watu wengi, na hapana amsahihishaye mtu ambaye usemi wake haumhusu. Kusahihisha ni kukiri kwamba maneno ya huyu nayo yaweza kuijenga amana hiyo au kuiharibu. Hivyo ndivyo ilivyo hata katika salamu: kuitoa ni sunna, kuijibu ni faradhi, na aliyekwisha kusalimiwa hana tena ikhtiari ya kuwa mpita njia, kwa kuwa amekwisha kuwa na deni.

Hata walioiandika amana hiyo waliipokea kwa wenyeji: mmisionari Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kutoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, aliwasikiliza wenyeji wakimsimulia ngano zao kwa Kiunguja; na Kiunguja hicho hicho ndicho mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichokifanya msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu na mikutano vina hishima yake, lakini walinzi wa lugha walikuwa, na wangali, hao wakunao nazi.

Basi dhima si ya mgeni peke yake. Nasi wenyeji tusimnyime jembe kwa jina la ukarimu, kwani tukimsifu tu siku zote, tutakuwa tumemlisha akashiba, na tumemwacha mlangoni.