Kungoja Wakati wa Kiangazi

SABATO MCHANA

Mafungu ya Somo la Juma Hili: Mambo ya Walawi 19:31, 32, 1 Wafalme 17:8–24, 18:17, 18, Isaya 61:10, Mathayo 9:16, Matendo 9:36–42, 2 Timotheo 1:5, 4:9–21, Yakobo 5:7, 8.

Fungu la Kukariri: Yakobo 5:8. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti pamoja na familia yako kila asubuhi ya juma hili.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, ndio unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania. Pamba ikishavunwa, ikapimwa na kuuzwa, huanza kazi nyingine isiyopimwa kwenye mizani yoyote, nayo ni kungoja. Kuanzia Juni mvua hukatika, majani hukauka, na mito mingi hubaki mchanga mtupu. Akina mama huchimba mchangani wapate maji. Chakula ni akiba ya ghalani pamoja na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani wakati vilipokuwa vingi. Mvua mpya hutazamiwa karibu na Novemba.

Katika miezi hiyo, nenda kijiji chochote cha Bariadi, Itilima au Maswa, utamkuta bibi ameketi kivulini na sindano mkononi. Anaunganisha vipande vya vitenge, kanga zilizochakaa na sare za shule zisizovalika tena, apate kitu kizito cha kuwafunika wajukuu usiku wa Juni na Julai, baridi inapouma. Wazazi wa watoto hao huenda wako Mwanza au Dar es Salaam wakitafuta riziki. Bibi anangoja mvua, anangoja habari za wanawe, na kama ni mwamini, anamngoja Bwana.

Juma hili tutajifunza kutoka kwake namna ya kungoja. Tutajiuliza pia kama sisi, kanisa lake, tunamtendea inavyompasa.

JUMAPILI: Kanzu Zilizotoa Ushuhuda

Soma Matendo 9:36–42. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nini, na kwa nini hawakueleza kwa maneno tu?

Luka hatuambii kwamba Dorkasi alihubiri. Hatuambii umri wake wala mali zake. Anatuambia kwamba alijaa matendo mema, na alipokufa, ushahidi wa maisha yake ulikuwa umevaliwa na watu. Wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Kila mshono ulikuwa ushuhuda.

Hapa pana jambo la kuangalia. Katika kisa hiki waliolia ni wajane, watu ambao hawakuwa na cha kumlipa. Dorkasi alitumia ujuzi wa mikono yake kwa wale ambao jamii ilikuwa rahisi kuwasahau. Naye Mungu alimrudisha kutoka mautini, na habari hiyo ikawafanya wengi katika Yafa wamwamini Bwana.

Mwaka 1874, wanawake Waadventista wa Battle Creek, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, waliunda chama cha kushona nguo na kuwasaidia wahitaji, wakakiita kwa jina la Dorkasi. Tangu hapo jina hilo limesafiri hata likafika katika makanisa yetu ya vijijini. Lakini tuwe waangalifu. Dorkasi hakuanza na kitambaa cha sare, kitabu cha mahudhurio na harambee. Alianza na sindano, na jirani aliyekuwa hana nguo.

Ukifa leo, jirani zako wangekuwa na nini cha kumwonyesha mgeni kuhusu maisha yako?

JUMATATU: Bibi Mwanzoni, Joho Mwishoni

Soma 2 Timotheo 1:5 na 4:9–21. Barua hii inaanza kwa kumtaja nani, na inaelekea mwisho kwa kuomba vitu gani?

Pauli anaandika akiwa kifungoni, akijua kwamba kifo chake kiko karibu. Mwanzoni mwa barua anamkumbuka bibi. Imani ya Timotheo, anasema, ilikaa kwanza ndani ya Loisi, bibi yake, kisha ndani ya Eunike, mama yake. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani (Matendo 16:1), na Biblia haisemi kwamba alimfundisha mwanawe Maandiko. Mafundisho yale aliyoyajua tangu utoto (2 Timotheo 3:15), bila shaka Loisi na Eunike walikuwa na sehemu kubwa ndani yake.

Hili ni neno la faraja kwa kila bibi anayelea wajukuu peke yake. Wakati mkono unapita na uzi, mdomo una nafasi ya kusimulia habari za Yusufu na za Danieli. Mtoto anayeshika ncha ya kitambaa ili bibi akate anashika pia neno atakalolikumbuka akiwa mtu mzima, mbali na nyumbani.

Mwishoni mwa barua Pauli anaomba joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, tena anamsihi Timotheo afike kabla ya wakati wa baridi. Zamani zile, majira ya baridi yakiingia, safari za baharini zilisimama. Timotheo akichelewa, mzee angepitisha baridi bila joho, na pengine bila kumwona tena mwanawe katika imani.

Mtume mkuu hakuona haya kusema kwamba anasikia baridi. Basi mtu wa Mungu aweza kuwa na tumaini la taji ya haki (4:8) na wakati huohuo akahitaji nguo nzito na mtu wa kumtembelea. Mzee wako anayekuambia kila mara kwamba hana shida, je, umemwuliza kuhusu usiku?

JUMANNE: Malisho Yaliyofungwa

Soma Yakobo 5:7, 8. Mkulima anangoja nini, na anafanya nini wakati anangoja?

Yakobo anamchukua mkulima kuwa mfano wa kungoja Ujio wa Pili. Katika nchi ya Israeli mvua ya kwanza ililainisha ardhi kwa ajili ya kupanda, na mvua ya mwisho ilijaza nafaka kabla ya mavuno. Mkulima hakuweza kuiharakisha hata moja. Lakini hakuna mkulima anayengoja akiwa amelala. Asiyetayarisha shamba wakati wa jua, mvua ikija itamkuta hana la kupanda.

Wasukuma wana somo lao kuhusu hili, nalo ni ngitili. Sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, majani yakue. Kiangazi kinapokuwa kikali ndipo hufunguliwa. Katika karne iliyopita miti mingi ilifyekwa, kwa kampeni za kuangamiza mbung'o na kwa kupanua mashamba, na ngitili nyingi zikapotea. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulisaidia vijiji na familia kuzirudisha katika uliokuwa mkoa wa Shinyanga, ambao wakati ule ulihusisha Bariadi, Maswa na Meatu. Nchi iliyoonekana kama inageuka jangwa ikaota miti tena.

Ngitili hutufundisha kwamba subira ya kiangazi hutayarishwa wakati wa masika. Ng'ombe wanaona majani mabichi ng'ambo ya mpaka, wanayatamani, lakini mwenye hekima huwazuia. Vivyo hivyo, maombi ya siku za raha ndiyo malisho ya siku za msiba. Ana binti Fanueli, mjane wa siku nyingi, hakuanza kuomba siku ile mtoto Yesu alipoletwa hekaluni (Luka 2:36–38). Alikuwa ameomba usiku na mchana kwa miaka, kwa hiyo alipomwona, alimjua.

Ni sehemu gani ya siku yako "umeifunga" kwa ajili ya Mungu, hata shughuli zisiingie?

JUMATANO: Macho Mekundu

Soma 1 Wafalme 17:17, 18 na 18:17, 18. Mjane na mfalme walimlaumu nani kwa misiba yao? Linganisha na Yohana 9:1–3.

Ukame wa siku za Eliya ulidumu miaka mitatu na miezi sita (Yakobo 5:17). Kungoja kulipokuwa kurefu, watu walitafuta wa kumlaumu. Mjane wa Sarepta alipofiwa na mwanawe, alimgeukia mgeni aliyekuwa nyumbani mwake. Ahabu alimwita Eliya mtaabishaji wa Israeli, ingawa chanzo cha taabu kilikuwa katika nyumba ya kifalme yenyewe.

Tusome hili kwa unyofu mbele za Mungu. Usukumani, kwa miaka mingi, wanawake wazee wamekatwa mapanga usiku kwa tuhuma za uchawi. Mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, mvua imekawia, na mpiga ramli anaonyesha kidole kwa bibi mwenye macho mekundu. Lakini macho yale yamefanywa mekundu na moshi. Pale kuni zilipokwisha, bibi amepika kwa samadi iliyokaushwa na mabua ya pamba, katika jiko lisilo na dirisha, miaka arobaini au hamsini, ili watoto wa nyumba ile wale. Macho yanayotajwa kuwa ushahidi wa uovu wake ni alama ya upendo wake. Na nyuma ya tuhuma, mara nyingine, kuna mtu anayetaka shamba la mjane.

Sasa soma Mambo ya Walawi 19:31, 32. Mungu ameziweka amri mbili bega kwa bega. Ya kwanza inakataza kuwaendea wenye pepo wa utambuzi. Ya pili inaagiza kusimama mbele ya mwenye mvi na kumheshimu mzee. Anayekwenda kwa mpiga ramli yuko hatua moja tu kutoka kumdharau mzee, na anayemcha Mungu hawezi kutenganisha amri hizi. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Lakini tangazo la serikali haliwezi kukaa usiku kucha katika boma la mjane. Jirani aweza, na kanisa laweza.

Petro alipoitwa Yafa hakukawia. Tukisikia mnong'ono juu ya bibi fulani kijijini, na tukanyamaza ili tusionekane tunamtetea mchawi, tutajibu nini siku ile Bwana atakaposema juu ya hao walio wadogo (Mathayo 25:40)? Mshiriki wa Shule ya Sabato anayesikia tuhuma ana wajibu wa kuikanusha hadharani, kumtembelea aliyetuhumiwa mchana watu wakiona, na kutoa taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Je, yuko mzee karibu nawe ambaye watu wamepunguza kumwamkia? Utamfikia lini?

ALHAMISI: Kiraka na Vazi

Soma Mathayo 9:16 na Isaya 61:10. Kwa nini kiraka kipya huharibu vazi kuukuu?

Bibi yetu angeueleza mfano huu vizuri kuliko wasomi wengi. Kitambaa kipya cha pamba, kikifuliwa, hujikunja. Kikishonwa juu ya nguo iliyochakaa kabla ya kufuliwa, siku ya kufua kitaivuta nguo na kuipasua, na tundu litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa sababu hiyo mshonaji mzoefu huunganisha vilivyochakaa pamoja, au hukifua kwanza kilicho kipya.

Viraka vyafaa kwa blanketi la wajukuu. Kwa wokovu havifai. Wengi wetu tumemwomba Yesu kiraka kidogo tu: ubatizo juu ya chuki ya zamani, zaka juu ya dhuluma ya mirathi, Sabato juu ya hirizi iliyofichwa kiunoni mwa mtoto. Nguo hupasuka, kwa maana injili haikukusudiwa kufunika matundu. Isaya anasema juu ya Mungu anayemvika mtu mavazi ya wokovu na joho la haki. Hatukulifuma sisi. Pamba yake haikulimwa katika shamba letu.

Anayevikwa bure hujifunza kuvika wengine bure. Je, kuna eneo la maisha yako ambalo umelitia kiraka badala ya kumpa Kristo vazi lote?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Mithali 31:10–31, Zaburi 71 na Isaya 46:3, 4, ukitazama jinsi Mungu anavyosema juu ya kazi ya mikono na juu ya uzee.

Leo ni siku ya maandalio. Jua linapoelekea kuzama, mshonaji huichomeka sindano katika kitambaa na kukikunja, ingawa kazi haijaisha. Hapo pana imani kubwa. Kwa kuiacha kazi ambayo haijakamilika, anakiri kwamba wajukuu, mvua na kesho viko mikononi mwa Mungu. Kila Sabato ni mazoezi ya kungoja, na kila Sabato inatukumbusha kwamba tunayemngoja ni mwaminifu.

Mvua ya Novemba huja mapema mwaka mmoja na kuchelewa mwaka mwingine. Ahadi ya Bwana kurudi haitegemei mawingu. Kwa hiyo tuthibitishe mioyo, tushike kazi iliyo karibu, na tusimwache yeyote angoje peke yake.

Maswali ya Kujadili:

1. Wazee wa kanisa lenu wanahitaji nini hasa wakati wa kiangazi: maji, kuni, nguo nzito, au mtu wa kuzungumza naye? Kabla ya kufunga kipindi, gawaneni majina ya watu mtakaowatembelea.

2. Kikundi chenu kitafanya nini mtu kijijini akianza kumtuhumu mzee kwa uchawi? Nani atakwenda kwake, nani atazungumza na familia inayolalamika, na nani atatoa taarifa? Kubalianeni leo, tuhuma ikiwa bado haijatokea.

3. Wazazi walio mijini wanawezaje kushiriki mzigo wa bibi anayelea watoto wao, zaidi ya kutuma fedha?

4. Kuna tofauti gani kati ya kungoja kwa subira na kukata tamaa kwa ukimya? Utaitambuaje ndani yako mwenyewe?